Silaha za Sauli na Matairi ya Parokia



Vijana wapendwa, wiki hii nilipanga kuandika juu ya novena. Lakini juzi kijana mmoja wa VIWAWA kanitumia ujumbe. Amenunua gari lake la kwanza, Suzuki Jimny iliyotumika, anaendea kazini kila siku, na sasa ana ndoto nayo. Akaniuliza: "Frateri, nataka nilibadilishe kidogo kidogo, wikiendi niwe napanda nalo milimani, njia za mawe na tope. Nianze na nini? Na je, ni dhambi kutumia hela kwa starehe kama hiyo?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikanyamaza, kwa sababu juu ya jambo hili nina deni ambalo sijawahi kuliandika popote.

Nianze na swali la pili kwa kuwa ni jepesi. Si dhambi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na kwamba kucheza kwa kiasi ni fadhila kabisa. Mtu anayepanda mlima na marafiki zake Jumamosi, akatazama bonde likifunguka chini ya ukungu, huyo hajamwibia Mungu kitu. Lakini kama mama yako anadaiwa dawa, au umekopa kwa simu ili ununue bampa la chuma, hapo tunaongea habari nyingine. Jibu lake unalo mwenyewe, wala huhitaji frateri akuambie.

Swali la kwanza ndilo lenye mambo. Nianze na nini?

Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya kwenye parokia moja ya milimani, Usambara. Parokia ilikuwa na Hilux dabo kebini, gari la kawaida tu. Asubuhi inabeba saruji, mchana inapeleka wanakwaya, Jumapili inazunguka vigango. Mimi nilikuwa na leseni, na Baba Paroko alikuwa na magoti mabovu, basi funguo zikawa zangu. Mnaweza kuwaza: kijana wa miaka ishirini na kitu, digrii ya falsafa mkononi, kanzu nyeupe, na Hilux. Nilianza kuangalia video za watu wanaopanda miamba na magari yao. Nilijua majina ya vifaa vyote kabla sijajua kubadilisha chujio la dizeli.

Nikamshawishi Paroko. Nikawashawishi na vijana. VIWAWA wa parokia ile walilima kabichi, wakauza, wakanikabidhi pesa wakiniamini. Tukaweka matairi makubwa ya tope, ya inchi 33. Tukainua bodi kwa springi ndefu, sentimita tano hivi. Chenji iliyobaki nikanunulia taa sita kali za juu ya paa. Siku tuliyotoka nayo gereji, watoto waliikimbilia barabarani wakipiga kelele. Nakiri nilipunguza mwendo ili waione vizuri.

Sasa sikilizeni mambo ambayo fundi alijaribu kuniambia nikawa naitikia "eeh, eeh" tu. Tairi kubwa haliji peke yake, linakuja na bili zake. Kwanza, kila gia inakuwa nzito, injini inahema mlimani mahali ambapo zamani ilikuwa inapita ikiimba. Pili, breki zilipimwa kwa tairi dogo, sasa zinapaswa kusimamisha kitu kizito zaidi chenye mkono mrefu zaidi. Tatu, dashibodi inakudanganya: inaandika 80, kumbe wewe uko karibu 86. Nne, ukikata kona kali tairi linasugua ndani ya madigadi. Na kuinua bodi kunapandisha juu uzito wote wa gari, kwa hiyo kwenye mteremko wa ubavuni linapinduka mapema kuliko zamani, huku vile viungio vya shafti za mbele vikifanya kazi kwa pembe ambayo havikuumbiwa. Na cha kuchekesha ni hiki: springi ndefu hazikuinua difu ya nyuma hata sentimita moja! Difu imekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye matairi. Springi zinainua kilicho juu yake tu. Yaani tulilipa pesa za kabichi ili gari lionekane refu, wakati kile kinachogonga mawe kilipandishwa na tairi peke yake.

Masika yakaingia. Siku moja saa tisa alasiri akaja kijana na bodaboda, ametapakaa tope mpaka shingoni. Bibi yake, kigango cha mbali, kama kilomita 19, amezidiwa. Anaomba padre. Anaomba Mpako wa Wagonjwa na Komunyo.

Tukaondoka: Baba Paroko mbele akiwa na mafuta matakatifu na Ekaristi kifuani, katekista nyuma, mimi kwenye usukani. Njiani wala sikuogopa. Nikajisemea moyoni, kumbe siku yenyewe ndiyo hii, gari lilitengenezwa kwa ajili ya saa hii.

Kabla ya kijito cha mwisho kuna mteremko wa udongo mwekundu, ule wa mfinyanzi unaoteleza kama sabuni. Baba Paroko akasema taratibu, "Frateri, punguza upepo kwanza." Nikamjibu, "Padre, matairi haya hayahitaji."

Hakusema tena.

Nikaingia. Kwenye kona ya chini tairi likasugua madigadi, usukani haukufika mwisho, nikatoka kwenye mkondo wa magurudumu nikaangukia kwenye tope bichi. Nikakanyaga mafuta. Wenye uzoefu mnajua kilichofuata. Difu ya kawaida, isiyo na kufuli, ina tabia moja ya ajabu: gurudumu linaloteleza ndilo linalozunguka, na lile lenye mshiko linasimama tu. Tairi likajaa udongo likawa kama chungu, likazunguka, likachimba. Nilivyozidi kukanyaga ndivyo nilivyozidi kuzama, mpaka difu ikakalia tope na magurudumu yakawa yanaogelea.

Nikashuka kutafuta kamba. Hakukuwa na kamba. Koleo? Hakuna. Zilikuwepo taa sita.

Tulikaa pale karibu saa mbili. Watu wa kitongoji walikuja na majembe, mawe na matawi. Mwisho katekista, mzee ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki, akachutama kando ya kila tairi na njiti, akaachia upepo mpaka tairi likabonyea kama mtu aliyeketi. Akaniambia, "Sasa weka ile gia ndogo, usikanyage. Liache litembee lenyewe." Likatoka. Bila kelele, kama vile halikuwahi kukwama.

Tulipofika, bibi alikuwa amefariki. Si muda mrefu. Mikono ilikuwa bado na joto, lakini hakukuwa na shaka. Sakramenti ni za walio hai. Baba Paroko alipiga yale magoti yake mabovu kwenye sakafu ya udongo akasali sala za marehemu, na mimi nikaitikia kwa sauti nisiyoijua. Binti yake akatutolea viti. Akasema, "Asanteni kwa kuja, na njia hii ilivyo mbaya." Na taa sita zilikuwa bado zinawaka kule nje, zinamulika migomba.

Naomba nisieleweke vibaya. Huruma ya Mungu haikwami kwenye tope la Usambara; yule bibi alikuwa ameshika rozari, na naamini Bwana alimfikia kwa njia yake. Lakini aliomba kitu ambacho Kanisa lina haki ya kumpa, na hakukipata, na sababu mojawapo ni mimi. Hili sitalipamba.

Sasa fungueni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17, aya ya 38 na 39. Wote tunakimbilia jiwe na paji la uso la Goliathi, aya hizi mbili tunaziruka. Daudi amejitolea kupigana. Mfalme Sauli, kwa nia njema kabisa, anamvika vazi lake la vita, kofia ya shaba, deraya. Daudi anajifunga na upanga juu yake, anajaribu kupiga hatua, haendi. Anamwambia mfalme wazi kwamba hawezi kutembea na vitu hivi maana hajavizoea. Anavivua.

Silaha za Sauli hazikuwa mbaya. Huenda zilikuwa bora kuliko zote Israeli siku ile. Kasoro ilikuwa moja tu: zilikuwa zimefika mwilini mwa Daudi kabla Daudi hajazifikia. Na tusifikiri Daudi alikwenda mikono mitupu. Aya za juu kidogo zinasimulia simba na dubu. Miaka ile ya kuchunga kondoo, ambayo kaka zake waliidharau, Mungu alikuwa akimtengeneza polepole machungani: jicho, mkono, pumzi, kutotetemeka. Kombeo lilikuwa kifaa duni, lakini lilikuwa lake.

Mimi nilivaa silaha za Sauli mara mbili. Ya kwanza ni hiyo Hilux. Ya pili ilitangulia, nikiwa mwaka wa kwanza seminari kuu. Nilisoma maisha ya watakatifu wa jangwani nikaamua nami nitafunga mkate na maji Jumatano na Ijumaa, nitaamka saa tisa usiku kusali, nitasoma zaburi zote kila wiki. Wiki ya tatu nilikuwa nimemfokea mpishi, nimelala darasani mara mbili, na nimeacha kusalimiana na mwenzangu wa chumbani kwa sababu anakoroma. Tairi kubwa, breki zilezile za zamani! Mlezi wangu wa kiroho aliniuliza swali moja: "Ulishawahi kumaliza mwezi mzima bila kuruka sala yako ya jioni, ile ya dakika tano?" Sikuwahi.

Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba fadhila zimeungana. Huwezi kukuza moja mpaka mbinguni ukaziacha nyingine chini. Ujasiri bila busara ni ukichaa, na kufunga bila upendo ni njaa tu. Hata mafundi wanalijua hili bila kusoma Summa. Ukibadilisha tairi, tazama breki. Ukiongeza bampa la chuma na winchi mbele, tazama springi za mbele, maana umeongeza uzito. Ukitaka kupita maji, usitazame mkonga tu wa kuvutia hewa juu. Tazama na kile kijibomba kidogo cha kupumulia cha difu, kwa sababu difu yenye joto ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi inavuta pumzi ndani, na kama kijibomba kiko chini, inavuta maji. Hakuna anayekiona kijibomba hicho. Hakuna mtoto atakayekikimbilia barabarani.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Jimny, ukitaka mpangilio wangu, huu hapa, na umetokana na aibu.

Liendeshe kwanza lilivyo. Miezi sita, hata mwaka. Jimny yako imetoka kiwandani ikiwa na fremu ya chuma, ekseli nzima mbele na nyuma, na gia ndogo. Inaweza mambo mengi kuliko dereva wake. Mwaga oili zote, weka mpya, kagua bushi, kagua breki. Jifunze lini uingize magurudumu yote manne na lini utoe, maana kwenye lami kavu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayasafiri umbali mmoja kwenye kona, na ukiyafunga pamoja kitu ndani kitajikunja mpaka kivunjike. Jifunze kupunguza upepo: kama barabarani unatumia PSI 30, kwenye tope na mchanga shuka mpaka 18 hivi, tairi litalala na kushika, kisha jaza tena kabla hujarudi lami. Hili ni badiliko kubwa kuliko yote na halina bei. Halafu nunua pampu, koleo, kamba imara, na sehemu halisi za kufungia kamba zilizokazwa kwenye fremu. Tafadhali usifunge kamba ya kuvutia kwenye ile mpira ya chuma ya trela. Ikikatika inaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Matairi yaje baadaye, ya kiasi. Springi baada ya hapo, kama utakuwa umeona kwa macho yako mahali zinapohitajika. Kufuli ya difu na winchi, mwishoni. Taa? Taa ukipenda. Mimi siwezi kushauri juu ya taa.

Na usiende peke yako. Gari la pili ni kifaa ambacho hakiuzwi dukani. Kwenye maisha ya kiroho tunaliita jumuiya.

Kuna andiko lingine ninalolipenda, Kutoka sura ya 23, aya ya 29 na 30. Mungu anawaahidi Waisraeli nchi, lakini anawaambia hatawafukuza maadui wote kwa mwaka mmoja, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa porini wakawazidi. Atafanya kidogo kidogo, mpaka watu waongezeke na waweze kuikalia. Jamani, Mwenyezi angeweza kwa siku moja! Anakwenda taratibu kwa sababu anatujua sisi. Nafsi iliyosafishwa ghafla pasipo mtu wa kuikalia, wanyama wanarudi. Nadhani ndiyo maana wengi wetu tunatoka mafungo ya Pasaka tukiwaka moto, na Pentekoste inatukuta tuko palepale pa zamani.

Lakini hapa nisimame kidogo, kwa kuwa najua mtu anayesoma huku anatabasamu. "Kumbe taratibu! Basi Frateri, na mimi kubeti nitapunguza taratibu. Yule dada ninayeishi naye, tutaachana taratibu. Hela ya jumuiya niliyochukua nitarudisha taratibu."

Hapana. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 1981 juu ya familia, Familiaris Consortio, alitenganisha mambo haya mawili kwa makini sana. Mtu anakua hatua kwa hatua, ndiyo. Lakini sheria ya Mungu haina daraja la chini kwa ajili yako na la juu kwa ajili ya mwingine, wala si ndoto ya kufikia baadaye. Kwa lugha ya gereji: springi unaweza kununua mwakani, lakini bomba la breki linalovuja hulitengenezi kidogo kidogo. Unasimama leo. Unaegesha pembeni, unamwita fundi. Dhambi ya mauti ni breki inayovuja. Kitubio hakina awamu. Unakwenda Jumamosi hii, unasema yote, unatoka umefunguliwa. Kinachokuja taratibu ni kile kinachofuata, kujenga mazoea mapya mahali pa yale ya zamani. Humo mtu anaweza kuanguka tena na kurudi tena kwa padre yuleyule, amevaa shati lilelile, bila kukata tamaa. Aristotle alishaona kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Alichokosa kujua ni kwamba kuna Mmoja anayekaa nyuma yako na kushika mikono yako juu ya nyuzi.

Nirudi Usambara. Usiku ule wakati wa kurudi, taa nilizizima. Nilimwuliza Baba Paroko kwa nini hakunilazimisha kupunguza upepo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Nilitaka. Nikaona aibu kubishana na wewe mbele ya katekista. Hiyo ni dhambi yangu, nitaiungama mwenyewe. Wewe ungama ya kwako." Hakuniongezea neno. Asubuhi kabla ya Misa nilimkuta amepanga foleni kwa padre mgeni aliyekuwa amelala parokiani, ameshika fimbo yake, nami nikasimama nyuma yake.

Taa tuliziuza. Pesa niliwarudishia vijana, nikawaeleza kilichotokea, mbele ya wote, baada ya mkutano. Walinunua kamba na koleo mbili, waliamua wenyewe.

Siku ya arobaini tulikwenda tena kule kusali Misa ya marehemu. Mvua ilikuwa bado. Kwenye kile kilima chekundu nilisimamisha gari kabla hajasema mtu, nikashuka na njiti. Katekista akashuka upande wa pili. Tairi nne, dakika kama nane hivi, huku dizeli ikinguruma polepole na Baba Paroko akisali rozari yake ndani. Niliweka gia ndogo, nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikaliacha litembee lenyewe. Binti wa marehemu alikuwa ametupikia mihogo na chai ya tangawizi.

Jioni hii mkisali, mwombeeni bibi yule. Na mniombee na mimi.